Jibu: One of Us Is Lying kwa binti wa miaka 14

Dada, umeuliza kama One of Us Is Lying cha Karen M. McManus kinamfaa binti yako wa miaka 14, maana umesikia wengine wanakisifu na wengine wanakiponda. Sisi hapa Ngamiani, Tanga, tulikisoma watu watano kwa nakala moja mpaka jalada likabanduka. Kuna mtu (namjua!) aliandika jina la muuaji kwa penseli ukurasa wa tatu. Nikalifuta, alama ikabaki.

Kisa kinakushika mapema. Wanafunzi watano wamewekwa darasani kwa adhabu. Simon, mwenye programu ya simu ya kumwaga umbea wa shule, anakunywa maji. Kumbe mna mafuta ya karanga, naye ana mzio. Anakufa. Wanne waliobaki wanasimulia kwa zamu, na kila mmoja ana siri yake.

Mpwa wangu alikimaliza kwa siku mbili, kampenda Addy, mmoja wa wale wanne: anaanza kama kivuli cha mpenzi wake, halafu anazikata zile nywele ndefu na kujisimamia. Hapo nami nakubali. Mwisho niliukisia kabla ya kufika nusu, ila sikuchoka.

Kilichonikera ni sonona na kujiua, vimepitiwa harakaharaka mno. Sura hizo msome pamoja. Pombe na mapenzi vimo, ila si kwa kinaganaga.

Kiingereza chake chepesi. Mtoto wa kidato cha pili anakimudu, kamusi ikiwa pembeni.