Sera ya biashara ya kimataifa: je, ni lazima kuhama Mtwara?

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba una shahada ya uchumi, ni karani katika ghala la korosho hapa Mtwara, na unauliza kama ni lazima uhamie Dar es Salaam ili uingie katika sera ya biashara ya kimataifa. Kwa maoni yangu, usihame bado.

Korosho ghafi inayouzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani haifiki India au Vietnam bila cheti cha uasili (kinachothibitisha nchi ilikotoka), cheti cha afya ya mimea na nyaraka za forodha. Fuatilia shehena moja tangu ghalani hadi inapopakiwa melini, uandike kila hati imetolewa na nani, imekaa mezani kwa muda gani na imelipiwa nini, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoshughulikiwa na Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017. Wapo wanaoufundisha mkataba huo ambao hawajawahi kuona kontena likisubiri muhuri.

Kisha zisome kwa makini kanuni za uasili wa bidhaa, yaani zinazoamua bidhaa ihesabiwe kuwa ya nchi gani. Msumbiji imo katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) pamoja nasi lakini haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo bidhaa inayotoka huko na kuvuka Mto Ruvuma kwenye Daraja la Umoja, Mtambaswala, haiingii kwa masharti yaleyale ya inayotoka Kenya kupitia Namanga.

Shahada ya uzamili inaweza kusubiri. Kozi ya forodha ya Chuo cha Kodi itakufaa mapema zaidi. Kireno, lugha rasmi ya Msumbiji, ningekianza mwezi huu.