Wadogo zangu wa dawati la kimataifa, zile kura 37 za Cleverly zina somo lenu

Kila mara chama cha Conservative cha Uingereza kinapotafuta kiongozi, rasimu za vijana wapya zinakuja na makosa yaleyale: "Waingereza wamchagua", "Kamati ya 1922 yakata majina", "Katibu wa Nyumbani ajitosa". Wadogo zangu, mna kasi, Kiingereza mnakijua, na zamu ya alfajiri hamuikimbii. Ila kinyang'anyiro hiki kina mitego yake, na msomaji wa Kiswahili tukimpotosha sisi hana mwingine wa kumrekebisha. Nimchukue James Cleverly, mbunge wa chama hicho aliyetolewa kwenye mbio za uongozi za 2024 akiwa na kura 37, maana safari yake imebeba karibu kila mnachokosea.

1. Vyeo. Usikimbilie neno "katibu" kwa sababu tu Kiingereza kimesema "Secretary". Cleverly alikuwa Waziri wa Elimu kwa miezi miwili ya kiangazi cha 2022, kisha Waziri wa Mambo ya Nje hadi Novemba 2023, halafu Waziri wa Mambo ya Ndani mpaka chama kilipoangushwa Julai 2024. Katibu mkuu wa wizara ni mtumishi wa umma, tena mtu mwingine kabisa. Baada ya kushindwa uchaguzi andika "waziri kivuli", na ukiisahau hiyo "kivuli" umemrudisha serikalini.

2. Wasifu uandikeni kwa kufuata ngazi alizopanda. Cleverly alizaliwa Lewisham mwaka 1969, mama yake mkunga kutoka Sierra Leone. Alipitia jeshi la akiba, akaingia Baraza la London mwaka 2008 kwa eneo la Bexley na Bromley, kisha mwaka 2015 akawa mbunge wa Braintree. Mwaka 2019 alitangaza kuwania uongozi wa chama, na kabla hata wabunge hawajapiga kura ya kwanza akajitoa kwa kukosa wa kumuunga mkono. Mwaka huohuo akawa mwenyekiti mwenza wa chama. Cheo hicho msikipite haraka, kwa sababu mwenyekiti ndiye anayezunguka matawini, anakula na wanachama, anawajua kwa majina. Anayeutaka uongozi huhitaji mtaji huo. Lakini wanachama hupiga kura mwishoni kabisa, na wengi hawafiki huko.

3. Wapiga kura ni makundi mawili. Kwanza wabunge wa chama hupiga kura za siri kwa raundi, kila raundi wa mwisho anaondoka, mpaka wabaki wawili. Hao wawili ndio wanaopelekwa kwa wanachama wanaolipa ada. Sisi tuliozoea Kamati Kuu ya CCM kukaa Dodoma na kupunguza majina tunaona kama ni jambo lilelile, ndiyo maana "amekatwa" inaponyoka kirahisi. Huku hakuna anayekatwa. Kamati ya 1922, ambayo kwa kweli iliundwa 1923, ni umoja wa wabunge wa chama wasio na vyeo serikalini. Katika kinyang'anyiro hiki kazi yake ni kusimamia kura, kuhesabu na kutangaza.

4. Idadi ya wadhamini wa kuingia ulingoni iangalieni upya kila mara: Julai 2022 ilikuwa wabunge 20, Oktoba mwaka huohuo 100, na 2024 wakashuka hadi 10.

5. Sasa kosa lenyewe, na hili ni letu wote tunaofanya kazi hii, wakubwa kwa wadogo.

Uchaguzi wa Julai 2024 uliwaacha Conservative na wabunge 121. Wagombea walikuwa sita. Raundi ya kwanza, 4 Septemba, Cleverly alipata 21, nyuma ya Robert Jenrick mwenye 28 na Kemi Badenoch mwenye 22. Raundi ya pili akabaki palepale, 21, sawasawa na Tom Tugendhat. Ukaja mkutano wa chama Birmingham. Wanne waliobaki wakahutubia, yeye akawaambia wenzake chama kirudi kuwa cha kawaida, na ukumbi ukampenda. Tarehe 8 Oktoba akaruka hadi 39. Jenrick 31, Badenoch 30, Tugendhat 20 na nje.

Jioni ile kalamu zilituteleza. Kwa kuwa Tugendhat alionekana wa mrengo mmoja na Cleverly, hesabu ikafanywa kwa kujumlisha: 39 na sehemu nzuri ya zile 20, basi amefika. Tukaandika kwamba kilichobaki ni kujua atakutana na nani kwa wanachama. Wahariri wakapitisha, maana kila mahali pengine palisomeka hivyohivyo.

Kesho yake matokeo yakasomwa: Badenoch 42, Jenrick 41, Cleverly 37. Walioko chumbani waliguna kwa sauti.

Kaeni na tarakimu hizi, zifanyieni kazi kwa mkono. Kwa wabunge 121 na wagombea watatu, mwenye kura 41 hawezi kutolewa, kwa sababu wawili waliobaki wanagawana 80 tu na hawawezi wote kumpita. Cleverly alihitaji kura 2. Badala yake alipoteza 2. Badenoch aliongeza 12, Jenrick 10. Jumla 22, wakati kura za Tugendhat zilizokuwa hazina mwenyewe ni 20. Kwa hiyo hata tukichukulia kwamba hakuna mfuasi hata mmoja wa Tugendhat aliyemwendea Cleverly, bado wabunge wasiopungua wawili waliokuwa naye jana walimwacha leo. Na ikiwa wachache wa Tugendhat walimwendea, basi waliomwacha ni wengi zaidi.

Kwa nini uache farasi anayeongoza? Maelezo yaliyozagaa bungeni Westminster ni kura za kuazimwa: ukiona wako ameshavuka, unampa jirani kura yako ili umchagulie mpinzani wa fainali. Wakifanya hivyo watu wengi kila mmoja kivyake, wanamzamisha wenyewe. Maelezo mengine ni kwamba baadhi ya zile 39 hazikuwa zake tangu mwanzo. Kura ni ya siri, hakuna awezaye kuthibitisha, nanyi msiandike kana kwamba mmethibitisha. Andikeni kinachothibitika kwa hesabu, kisha mseme haya mengine ni maelezo ya kambi.

Kabla ya kila raundi chora jedwali lenye safu nne: jina la mbunge, aliyemtangaza hadharani, aliyekuwa naye kabla mgombea wake hajaondoka, na tarehe uliyothibitisha. Kura ya mgombea inapozidi waliomtangaza, ziada hiyo ni maji ya ndoo isiyo na kifuniko. Usiijengee sentensi.

6. Anayeongoza raundi ya kwanza msimvike taji. Michael Portillo aliongoza mwaka 2001 kwa kura 49. Raundi ya mwisho ya wabunge akatolewa kwa kura moja, 53 dhidi ya 54 za Iain Duncan Smith. Liz Truss alianza 2022 akiwa wa tatu na kura 50, na ndiye aliyechukua chama.

7. Matokeo ya wanachama yaandikwe na idadi ya wenye haki ya kupiga kura. Badenoch alipata 53,806 na Jenrick 41,388, katika chama chenye wanachama 131,680 wenye haki hiyo. Alichopata Badenoch tarehe 2 Novemba 2024 ni uongozi wa chama na wa upinzani. Waziri Mkuu aliendelea kuwa Keir Starmer, na kichwa cha habari lazima kilionyeshe hilo.

8. Mshindwa msimfute kwenye faili. Cleverly alikataa cheo chochote, akarudi viti vya nyuma, yaani mbunge wa kawaida. Julai 2025 Badenoch alimrudisha mbele kuwa waziri kivuli wa nyumba na serikali za mitaa. Wasifu wake mnaoniletea bado unaishia kwenye zile kura 37. Ongezeni mstari huo leo kabla ya zamu kuisha.