Jibu: Difenda mpya chache au mitumba mingi kwa polisi wa Kigoma?

Ndugu mleta mada, umeuliza hivi: ikiwa fedha za kubadilisha magari chakavu ya polisi mkoani Kigoma zinatosha difenda mpya chache (yaani pikapu za polisi za kubebea askari), au magari ya mtumba mara mbili ya idadi hiyo, kwa nini tusichukue yaliyo mengi ili kila kituo kipate la kwake? Nimefanya kazi kwa muda mrefu katika karakana inayohudumia magari ya umma mkoani hapa, yakiwemo ya polisi, na baadaye nikawa mjumbe wa kamati za kukagua na kupokea magari mapya, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu. Msimamo wangu ni kwamba magari machache mapya ya aina moja yatawaweka askari barabarani muda mrefu kuliko mengi yaliyochanganyika, na sababu yake kubwa ni spea.

Chukua wilaya yenye magari matano ya aina nne. Kila aina ina filta yake, klachi yake na bushi zake, na hakuna mtunza stoo atakayepewa bajeti ya kuviweka vyote. Klachi ikiisha Kibondo, inaagizwa Dar es Salaam, na wakati mwingine hata huko haipatikani mpaka iagizwe nje, huku gari likikaa juu ya mawe miezi kadhaa ilhali injini yake ni nzima. Magari yakiwa ya aina moja, hata lile lililopinduka lina kazi: nimeshuhudia giaboksi ya difenda iliyopata ajali ikifungwa kwenye nyingine asubuhi, na jioni gari hilo likapeleka mahabusu. Magari ya msaada nayo tunayapokea kwa shukrani, ila yakija ya aina ngeni bila spea zake, mzigo wa kuyatunza unabaki kwetu.

Wengi humu wanalalamika kwamba Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 ni ghali na zinakunywa mafuta. Ni kweli. Lakini injini ya 1HZ ya lita 4.2 haina tabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini), na pampu yake ya dizeli inaendeshwa kimakanika, hivyo fundi mzuri wa Kasulu anaifungua na kuirekebisha bila kompyuta. Injini za kisasa zenye nozeli za kielektroniki, zinazopuliza mafuta kwa shinikizo kubwa, ni nzuri na zinabana mafuta, ila dizeli iliyokaa kwenye mapipa, ikiwa na maji kidogo tu, inaziua nozeli hizo, na bei ya seti moja inatosha kusimamisha gari mwaka mzima wa bajeti. Hata tairi ya 7.50R16 yenye mpira wa ndani inazibwa pancha na kijana yeyote wa Nguruka. Sisemi ni lazima iwe kampuni hiyo. Nasema gari lolote litakaloletwa lipimwe kwa sifa hizo.

Jambo linaloniuma zaidi ni namna vigezo vya kiufundi vinavyoandikwa. Kuna shehena moja ambayo hati yake ya zabuni ilisema tu kwamba yanatakiwa magari aina ya pikapu, ya dizeli, yanayovuta magurudumu yote manne. Mzabuni alileta hayohayo. Tulipoliingiza moja juu ya shimo la ukaguzi, tukakuta springi za nyuma ni za mzigo mwepesi, mabamba membamba na machache. Sasa piga hesabu: askari kumi wa kilo themanini ni kilo mia nane kabla hujaweka silaha, mabenchi ya chuma yaliyochomelewa baadaye, turubai, tairi la akiba, dumu la mafuta na mahabusu wawili wakati wa kurudi. Msimu wa mvua haukuisha, bamba kubwa la springi likakatika, na sehemu ya chesesi inayoshikilia springi ikaanza kupasuka. Huwezi kumshitaki mzabuni, kwa sababu ametimiza kila neno lililoandikwa.

Hivyo vigezo vitaje uzito wa watu na vifaa, springi za mzigo mzito, mabenchi na vyuma vya kuwalinda askari gari likipinduka vikiwa vimefungwa na mtengenezaji anayewajibika, filta ya kutenganisha maji na dizeli, na betri ya pili. Betri hiyo wengi huiona ni anasa, lakini gari likikesha lindo injini ikiwa imezimwa, redio na taa zinaimaliza betri moja, na alfajiri askari wanalisukuma.

Mkoa, kama unavyojua, haununui wenyewe. Magari ya serikali hununuliwa kwa pamoja kupitia GPSA, yaani Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, na zabuni siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao. Kinachotoka mkoani ni maelezo ya mahitaji, na hapo ndipo tunapojiangusha, kwa sababu mara nyingi yanaandikwa idadi tu. Yaandikwe kutoka kwenye madaftari ya safari: kila gari limekwenda kilomita ngapi, limekula mafuta kiasi gani, limelala karakana siku ngapi na limegharimu kiasi gani kulitengeneza. Ukiyasoma hayo utaona kwamba doria za Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma kwenye lami, zinafanyika vizuri kwa pikipiki na gari dogo, na hapo hata mtumba uliokaguliwa vizuri siukatai. Difenda ziende Kakonko, Kibondo, Buhigwe na ndani ya Uvinza. Vijiji vya kusini mwa mkoa, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama Buhingu na Kalya vinahitaji boti yenye injini imara kuliko gari lolote.

Mtumba wa kazi nzito ndio ninaoukataa. Hujui ulibeba nini huko ulikotoka, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi si za kuaminiwa, na mara nyingi mawili yanayofanana kwa nje yana injini tofauti, kwa hiyo unarudi kwenye tatizo lilelile la spea.

Tena magari yasinunuliwe yote mwaka mmoja. Yakizaliwa pamoja yatachakaa pamoja, na wilaya nzima itabaki kwa miguu kwa wakati mmoja. Heri sehemu ibadilishwe kila mwaka, yale yaliyochoka yashushwe kwenye kazi za ofisini, kisha yapelekwe mnadani yangali na thamani.

Mkataba useme pia kwamba makabidhiano yanafanyika Kigoma, kwa sababu kasoro ikigunduliwa huku baada ya kupokelewa Dar es Salaam, kulirudisha gari ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja ambayo hakuna anayetaka kuilipia. Spea za matengenezo ya miaka miwili ya mwanzo zije pamoja na magari, zihesabiwe ndani ya bei ya zabuni, na mafundi wa mkoani wafundishwe kabla gari la kwanza halijatoka getini.