Nimebakiza pepa nne: niandike nini kwenye CV?

SWALI

Habari kaka. Mimi ni mhasibu, nina digrii na uzoefu wa miaka mitatu. Nasoma ACCA, sifa ya kimataifa ya uhasibu. Katika pepa 13 nimeshamaliza 9: nne nilisamehewa kwa sababu ya digrii yangu, tano nimezifanya na kufaulu. Desemba nimejisajili kufanya ya kumi. Mwaka huu pia nimehudhuria kozi ya saa 35 ya kujiandaa na PMP, cheti cha usimamizi wa miradi, ila mtihani wenyewe bado. Rafiki yangu ananishauri niandike ACCA na PMP baada ya jina langu, halafu nikiitwa kwenye usaili ndipo nieleze, kwa sababu nikiandika kwamba sijamaliza, kompyuta za waajiri zitanitupa kabla mtu hajanisoma. CV ya namna hiyo nimeshaituma sehemu mbili, na nafsi inanisuta. Niandikeje bila kudanganya na bila kujishusha? Na hizo mbili nilizotuma nizifanyeje?

JIBU

Dada yangu, anza na herufi zilizo baada ya jina. Zitoe leo, zote mbili.

Herufi za ACCA ni za mwanachama peke yake. Hata ukifaulu pepa zote 13, bado hujawa mwanachama: kuna moduli ya maadili, na kuna miezi 36 ya uzoefu wa kazi ambayo msimamizi wako lazima aithibitishe. Aliyemaliza mitihani lakini hajatimiza uzoefu ana jina lake maalumu, affiliate, na hata yeye haruhusiwi kuweka herufi hizo. PMP nayo hutolewa na PMI, taasisi ya usimamizi wa miradi, kwa aliyekubaliwa maombi yake, akafanya mtihani, akafaulu. Kozi haimpi mtu herufi, hata iwe nzuri namna gani.

Kazi yangu ni kupitia maombi ya kazi za fedha na kukaa kwenye meza ya usaili, kwa hiyo nikuoneshe jambo hili linavyoonekana ukiwa upande wa pili. Anaingia kijana mwenye ACCA baada ya jina. Swali la kwanza ni la kawaida kabisa: "Namba yako ya uanachama?" Anasita, anashusha macho, kisha anasema, "Kwa kweli nimebakiza pepa mbili." Kubakiza pepa mbili ni jambo la kujivunia! Angeliandika hivyo, tungemuuliza kuhusu ukaguzi na taarifa za fedha, na huenda angejibu vizuri. Badala yake, kila mtu mezani anarudi kwenye CV na kuanza kushuku mstari baada ya mstari. Ile miaka minne ya kazi, ni minne kweli? Ule mfumo aliosema aliuongoza, aliuongoza au alikuwemo tu? Rafiki yako anakuambia utaeleza kwenye usaili. Mimi nakuambia usaili wenyewe utageuka kuwa maelezo hayo na hautakuwa na kitu kingine.

Na hapo ni endapo utafika kwenye usaili. ACCA wana orodha ya wanachama inayoweza kutafutwa mtandaoni, CFA Institute, bodi ya wachambuzi wa uwekezaji, wanayo, PMI wanayo. Kuhakiki jina ni kazi ya dakika chache, na waajiri wengine huifanya kabla ya kumwita mtu.

Kuna hatari nyingine ambayo watu huisahau. Ulipojisajili kama mwanafunzi wa ACCA ulikubali kanuni zao, na kanuni hizo zinambana mwanafunzi kama zinavyombana mwanachama. Kutumia herufi usizostahili ni kosa la nidhamu mbele ya chombo kilekile unachotaka kikupokee. Unaweza kupoteza kazi moja, hiyo ni hasara inayofidika; kujiharibia njia ya taaluma nzima ukiwa na pepa tisa mkononi ni jambo ambalo sitaki likupate.

Sasa tuje kwenye kuandika. Kipimo ninachokitumia ni hiki: mtu akiusoma mstari wako kwa haraka, huku ana CV nyingine mia zinamsubiri, ataamini nini? Kama atakachoamini kinalingana na kitakachoonekana ukifungua akaunti yako ya ACCA, mstari ni mkweli. Kama hakilingani, hata kila neno likiwa la kweli, mstari unadanganya. Ndiyo maana "ACCA, 2025" haifai ingawa mwaka huo ulifanya mitihani kweli. "ACCA, inaendelea" ni bora kidogo, lakini haisemi umefika wapi: aliyefaulu pepa moja na aliyebakiza moja wote wanaweza kuiandika. Wengine huandika asilimia. Tisa kati ya 13 ni kama asilimia 69, ila zilizobaki zote kwako ni za ngazi ya mwisho, Strategic Professional, na wewe unajua uzito wake. Asilimia hiyo inampa msomaji picha ya safari iliyo nyepesi kuliko ilivyo.

Andika hivi:

"ACCA: mwanafunzi aliyesajiliwa. Pepa 9 kati ya 13 zimekamilika (5 kwa mtihani, 4 kwa msamaha). Ngazi ya Applied Skills imekamilika Juni 2025. Strategic Business Reporting: nimesajiliwa, Desemba 2025."

Mwezi na jina la pepa vibadilishe viendane na rekodi yako, lakini mpangilio uuache. Uone unavyofanya kazi. Unaanza na hadhi yako ilivyo leo, unaenda kwenye hesabu, unamalizia na hatua inayofuata ikiwa na tarehe. Mwajiri anayetafuta mtu wa kukua naye anapata kila anachohitaji, na wala hauombi radhi popote. Usiandike "bado sijamaliza" wala "nimeshindwa kumaliza kwa sababu", hakuna aliyekuuliza.

Hapo kwenye msamaha usipapite haraka. Wengi huandika "nimefaulu pepa 9" na hawaoni tatizo. Lakini kusamehewa si kufaulu. Pepa nne zako zilihesabiwa kwa sababu digrii yako imefundisha mambo hayo, na hiyo ni sifa ya digrii yako. Mtihani wenyewe hukuufanya. Tumia neno "zimekamilika" kwa zote tisa, kisha zigawe kwenye mabano kama nilivyofanya. Mhasibu mwenzako anayesoma CV ataiona tofauti hiyo mara moja, na atakuheshimu kwa kuitenganisha mwenyewe.

Kisha fanya jambo moja kabla hujaendelea: ingia kwenye akaunti yako ya ACCA uangalie kama kuna tuzo ambayo tayari ni yako. Wana diploma za katikati ya safari. Ya juu, Advanced Diploma in Accounting and Business, inahusiana na kukamilisha ngazi mbili za kwanza (ya pili ndiyo Applied Skills) pamoja na moduli ya maadili. Ikiwa umetimiza masharti na imetolewa kwa jina lako, hicho ni cheti kamili. Kina jina, kina tarehe, kinakaa kwenye sehemu ya vyeti bila maelezo ya ziada. Ikiwa kilichobaki ni moduli tu, huenda hiyo ndiyo kazi ya mwezi huu. Watu wengi wanahangaika kukipaka rangi kitu ambacho hakijakamilika, huku ndani yake kuna kilichokamilika ambacho hawakukiandika.

Si kila bodi iko hivyo, na wasomaji wa fani nyingine wasinakili mstari wako bila kuuliza. CFA ina ngazi tatu, na CFA Institute haitambui hadhi ya nusu: unaruhusiwa kusema umefaulu ngazi ya kwanza, huruhusiwi kujiita "CFA Level I" kama vile ni cheo, wala kuandika CFA pamoja na mwaka unaotarajia kuipata. Hata neno mtahiniwa wanalilinda. Ni la aliyesajiliwa kwa mtihani ujao. Ukifaulu ngazi ya kwanza ukapumzika bila kujisajili kwa ya pili, wewe si mtahiniwa, ingawa kufaulu kwako kunabaki na unaweza kukutaja. Upande wa usalama wa mitandao, aliyefaulu mtihani wa cheti cha CISSP bila kuwa na uzoefu unaotakiwa huitwa Associate of ISC2, na hupewa miaka sita ya kuutafuta uzoefu huo. CompTIA A+, cheti cha mafundi wa kompyuta, ina mitihani miwili na ukifaulu mmoja hupati cheti chochote. Cisco nao, ukifaulu mtihani mmoja wa CCNP, cheti chao cha wahandisi wa mitandao ya kompyuta, wanakupa cheti cha Specialist kwa mtihani huo peke yake. Kwa hiyo, kabla ya kubuni maneno yako, soma bodi yako inawaitaje watu wa hatua uliyopo. Wameshayaandika.

Hiyo kanuni ya CFA kuhusu kujisajili ningependa kila mtu aichukue, hata asiyesoma CFA. "Inaendelea" iwe na maana kwamba kuna mtihani ulioulipia au tarehe uliyoipanga. Wewe unayo Desemba, kwa hiyo una haki nayo kabisa. Aliyefanya pepa mbili miaka sita iliyopita na hajagusa kitabu tangu hapo, aandike alichofaulu na mwaka alichofaulu, basi. Na ukikaa kwenye mtihani ukawa unasubiri matokeo, andika "matokeo yanasubiriwa", na usiliongeze pepa hilo kwenye hesabu.

Kuhusu PMP, kozi yako ina thamani. Saa 35 za mafunzo ni mojawapo ya masharti ya kuruhusiwa kufanya mtihani huo. Lakini kuna sharti zito zaidi: mwenye digrii anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi. Kuongoza, si kushiriki. Miaka yako mitatu ya uhasibu inaweza isihesabike yote, au isihesabike kabisa, kwa hiyo usiandike "PMP inatarajiwa" kabla maombi yako hayajakubaliwa. Iweke chini ya mafunzo: "Mafunzo ya usimamizi wa miradi, saa 35, yanayokidhi sharti la elimu la mtihani wa PMP," pamoja na jina la aliyeyatoa na mwezi wa kumaliza. Kama uzoefu wa kuongoza miradi huna, PMI wana CAPM, cheti chao cha wanaoanza, ambayo haidai uzoefu huo, na saa ulizosoma zinakusogeza karibu nayo.

Rafiki yako ana hoja moja ya haki: kompyuta kweli huchuja CV. Ila hazichuji anavyodhani. Kwa kawaida zinatafuta maneno, na neno ACCA limo kwenye mstari wako mkweli sawasawa na lilivyokuwa baada ya jina. Tangazo likitumia maneno "part-qualified", yaani aliyefaulu sehemu ya pepa, ambayo ni ya kawaida kwenye matangazo ya uhasibu, yaweke na wewe kwenye mstari huohuo kando ya hesabu ya pepa. Na kama tangazo linataka mwanachama kamili, hiyo kazi si yako mwaka huu hata ukipenya kwenye kompyuta.

Pagumu ni kwenye fomu za mtandaoni zinazouliza "Je, una ACCA?" zikikupa Ndiyo na Hapana tu. Jibu ni Hapana. Inauma, najua, kwa sababu Hapana yako inakaa na Hapana ya mtu asiye na pepa hata moja. Lakini fomu nyingi zina nafasi ya maelezo au ya barua ya maombi. Weka hesabu yako kwenye sentensi ya kwanza ya barua hiyo. Ukikuta chaguo la "ninasoma" au "sehemu", hilo ndilo lako.

Kuna watakaokuuliza kwenye usaili kama umewahi kufeli pepa. CV haikudai utaje mitihani uliyofeli, na usiitaje. Ukiulizwa uso kwa uso, jibu ukweli kwa sentensi moja, kisha useme ulibadilisha nini mpaka ukafaulu.

Zile mbili ulizotuma: tuma CV mpya leo kwa anwani ileile, na barua fupi. "Naambatisha CV iliyosahihishwa, tafadhali itumieni badala ya niliyotuma awali. Herufi za ACCA na PMP zilizokuwa baada ya jina langu hazikupaswa kuwepo. Hali yangu kamili ya masomo iko kwenye ukurasa wa kwanza." Usijitetee, usisimulie ushauri wa rafiki. Huenda mmoja wao akakuondoa kwenye orodha. Huenda pia hakuna aliyekuwa ameifungua bado. Ukiitwa na yeyote kati yao, chapisha rekodi yako ya matokeo kutoka kwenye akaunti ya ACCA na uende nayo, ili akiuliza uwe na karatasi ya kumpa. Angalia pia wasifu wako wa LinkedIn, maana herufi zikitoka kwenye CV zikabaki kule pembeni ya jina, hujazitoa.