Maswali yenu: vikwazo vya Marekani na kura isiyomuuma mpigaji

"Vikwazo anaweka nani hasa, rais au Bunge?"

Swali hili linarudi kila mara jamani, mpaka nachoka. Wote wawili. Rais anatumia sheria ya dharura ya 1977, anasaini amri, Wizara ya Fedha kupitia OFAC, ofisi yake ya vikwazo, inaingiza majina kwenye orodha, basi, na siku akitaka kufuta anafuta. Bunge la Congress likitunga sheria hiyo ni habari nyingine kabisa, rais hawezi kuifuta kwa kalamu yake. Kwahiyo kabla hujaniandikia angalia kwanza ni amri au ni sheria, msiishie kwenye kichwa cha habari.

"Republican na Democrat hawaelewani kwa lolote, mbona kwenye vikwazo wanakuwa kitu kimoja?"

Kwa sababu ni kura ya bure. Mbunge hapeleki askari vitani, hapandishi kodi, anarudi jimboni kifua mbele anasema nimemkomesha adui, na yule anayekosa dawa Tehran hana kura Ohio. Mwaka 2017 sheria ya kuwabana Urusi, Iran na Korea Kaskazini ilipita 419 kwa 3 Baraza la Wawakilishi na 98 kwa 2 Seneti, waliokataa Seneti ni Rand Paul wa Republican na Bernie Sanders wa mrengo wa kushoto tu, watu ambao hata chai sidhani kama wangekubaliana inywewe na nini. Trump akasaini shingo upande, maana ile sheria ilimfunga mikono asilegeze vya Urusi bila Bunge kuangalia. Na Putin? Februari 2022 akaingia Ukraine na majeshi yake.

Mimi ninachopiga kelele siku zote ni kwamba kuweka wanajua, kutoa hawajui. Kuna kifungu cha biashara cha 1974 kinaitwa Jackson-Vanik, kiliwekwa kuibana Urusi ya Kisovieti iruhusu watu wake, hasa Wayahudi, wahame. Dola lenyewe likafa 1991, Wayahudi wakahama weee, kifungu kikabaki kinaning'inia kwa Urusi mpaka 2012! Na siku wanakiondoa wakaweka vikwazo vingine kwenye sheria hiyohiyo. Cuba nao Kennedy aliwawekea kwa amri 1962, halafu 1996 Cuba ilipotungua vindege viwili vya wakimbizi wake wa Miami Bunge likakasirika likavigeuza sheria, ndo maana Obama alirudisha ubalozi Havana lakini vikwazo vikamshinda.

"Vikwazo ndivyo vilivyoua uchumi wa Zimbabwe, ndio au hapana? Nataka jibu moja."

Hapana, lakini usishangilie bado. ZDERA, sheria ya Marekani kuhusu Zimbabwe ya Desemba 2001, iliwaagiza wawakilishi wa Marekani kule IMF na Benki ya Dunia wapinge mikopo na misamaha ya madeni kwa Harare, sawa, ila Zimbabwe ilishaanza kushindwa kulipa huko kote kabla sheria haijasainiwa. Na ile noti ya dola trilioni 100 ya 2009 hakuitoa seneta yeyote. Ninachoilaumu ZDERA ni masharti yake, "utawala wa sheria urudi", urudi kiasi gani, nani anapima? Ukiandika hivyo kila mwaka mtu atasema bado. Biden alifuta vile vya amri ya rais Machi 2024, Rais Mnangagwa na wenzake wachache wakahamishiwa orodha nyingine, ZDERA ikabaki palepale. SADC walipokutana Dar 2019 wakatangaza Oktoba 25 siku ya kuvipinga, tamko zuri, lakini sikuona hata mstari mmoja kuhusu waliokula hela ya Zimbabwe ndani ya Zimbabwe.

"Kwani Afrika Kusini havikufanya kazi?"

Vilifanya, tena Bunge ndilo lililomshinda Reagan, aliipigia sheria ya vikwazo kura ya turufu 1986 wakaipindua, 78 kwa 21 Seneti. Ila mabenki yalishaanza kukimbia mwaka mmoja nyuma, randi ikaporomoka. Halafu tazameni ile sheria ilivyoandikwa: mwachieni Mandela na wafungwa wa kisiasa, ondoeni hali ya hatari, fungulieni vyama, futeni sheria za ubaguzi zilizotajwa kwa majina. Pretoria walijua wafanye nini, na 1991 Bush baba akavitoa. Waliotunga ZDERA walikuwa na mfano huu mezani.

"Umoja wa Mataifa si ndio unaoruhusu?"

Hapana. Vya Baraza la Usalama ni vyake, vya Washington ni vya Washington.

"Mimi niko Unguja, haya yananihusu nini?"

Wewe ndio hasa! 2012 meli za mafuta za Iran zilikutwa zinapeperusha bendera ya Tanzania, zimesajiliwa Zanzibar kupitia wakala aliyeko Dubai. Mbunge mmoja wa Marekani, Howard Berman, akamwandikia Rais Kikwete kwamba zikibaki, Bunge litaangalia upya misaada. Serikali ikachunguza, ikakuta meli 36, zikafutwa. Barua ya mtu mmoja tu hiyo, hata kura haijapigwa. Na biashara ya kukodisha bendera haijaisha duniani, kwahiyo wanaosajili meli wasome majina ya wenye meli kabla ya kupokea ada.

"Naweza kumtumia hela shemeji yangu Iran kwa akaunti ya dola?"

Usijaribu.