Jibu: Furin ya chuma inatoa mlio mfu

Habari ndugu. Umesema furin yako, yaani kengele ya upepo ya Kijapani, ya chuma cha Nambu (chuma cha kusubu cha jadi cha huko), uliyoinunua mjini Morioka, Japani, ililia vizuri dukani lakini barazani inatoa "tk" tu. Yangu ilinifanyia hivyohivyo nilipohamia Sendai, nikadhani nimeuziwa mbovu.

Anza na mahali ilipotundikwa. Ishike kwa uzi wake, ining'inie huru, kisha igonge polepole kwa kijiti. Ikitoa mlio mrefu, kengele ni nzima, ila kuna kitu kinaigusa. Kwangu ulikuwa ukuta: ukingo uliugusa kidogo tu, kama upana wa ukucha, na mlio ukafa. Niliisogeza kiasi cha kiganja, ikaimba siku hiyohiyo.

Kama bado, chungulia ulimi wa ndani. Unapaswa kugonga karibu na ukingo wa chini. Uzi ukijikunja, ulimi hupanda na kugonga tumboni. Unyooshe. Ile karatasi ndefu inayoning'inia chini ya ulimi, iitwayo tanzaku, ndiyo inayokamata upepo, kwa hiyo ikichanika kata nyingine ngumu kidogo.

Kutu ifute kwa kitambaa kikavu. Tafadhali usitumie brashi ya waya, utaondoa rangi yake. Ukiona ufa, huo hauzibiki kwa gundi, mlio haurudi.