"Do" si "je"

Msomaji mmoja anayetembeza wageni Isimila, pale nje kidogo ya Iringa mjini, ameandika kuuliza jambo. Alimsalimia mgeni vizuri, kisha akamuuliza "Do you are from Germany?" Mgeni akakunja uso, akamwomba arudie. "Do" ameiweka mwanzoni kama alivyofundishwa, sasa kosa liko wapi?

Kosa ni kudhani "do" ndiyo "je" ya Waingereza. "Je" yetu haina matata. Inakaa mlangoni na haigusi kitu ndani: "Amelala" inakuwa "Je, amelala?" na kitenzi kiko vilevile. Hata ukiiacha ukapandisha sauti tu, umeuliza. "Do" haiko hivyo. Ikiingia kwenye sentensi inakinyang'anya kitenzi wakati wake, na ile "s" ya mwisho pia.

Ukitafuta ndugu wa "did" kwa Kiswahili, mwache "je", mtazame "-li-". Katika "aliondoka", wakati uliopita umekaa katikati ya neno. Katika "She left" nao umo humohumo ndani ya kitenzi. Mwingereza akitaka kuuliza, anautoa huo wakati nje na kuutanguliza: "Did she leave?" Hiyo "did" ni "-li-" iliyong'olewa. Ndiyo maana "Did she left?" inamkera mwenye lugha yake kama wewe unavyokereka mtu akikwambia "aliliondoka". Wakati umetajwa mara mbili. "Does he likes tea?" ni ugonjwa uleule: "s" ni moja tu, na imeshahamia kwenye "does".

Kwa hiyo usianze na swali. Anza na jibu. Andika sentensi ya kawaida, "You are from Germany", kisha tafuta kitenzi kisaidizi: "am", "is", "are", "was", "were", "can", "will", "must", au "have" ile inayobeba "-me-". Kikiwepo, kirushe mbele ya mtenda na kazi imekwisha: "Are you from Germany?" "Do" haina shughuli hapo. Kisipokuwepo, kama katika "You live in Tukuyu", ndipo unaiita: "Do you live in Tukuyu?"

Maneno ya kuuliza yana tabia yake. Sisi tunayaacha mkiani: "Unakwenda wapi?" Ndiyo maana stendi utasikia "You are going where?" Itaeleweka, lakini kwa Mwingereza hilo ni swali la mshangao, kama vile abiria amesema anakwenda Matema kwa miguu. Wengine wanajirekebisha nusu, "Where you are going?", na hili ndilo kosa sugu kuliko yote. Vitu viwili vinahama, si kimoja: "where" inakwenda mwanzo kabisa, na "are" inaruka mbele ya "you". Neno la kuuliza likiwa na nomino yake, wanahama pamoja. Muuza parachichi wa Rungwe anayetaka kusema "Unataka kilo ngapi?" aseme "How many kilos do you want?", asiache "kilos" nyuma. Lumbesa ya viazi, lile gunia lililojazwa kupita kipimo, ni bei gani, hilo swali lisumbue wengine. Kiingereza hakina neno la lumbesa.

"Who" inawachanganya watu bure. "Nani alikupigia?" ni "Who called you?" bila "did", kwa sababu "who" ndiye mtenda na tayari yuko mbele, hakuna cha kurusha. "Ulimpigia nani?" ni "Who did you call?" kwa sababu mtenda ni wewe.

Sasa mitego ambayo vitabu vya shule huipita haraka. "-na-" yetu inafanya kazi za watu wawili. "Unafanya nini?" ukimuuliza mtu aliyeinama kwenye injini ni "What are you doing?"; ukimuuliza kazi yake ni "What do you do?" Chagua kabla ya kufungua mdomo.

"-me-" ni mbaya zaidi. "Umekula?" ni "Have you eaten?", sawa. Lakini "Umechoka?" ni "Are you tired?" na "Umeolewa?" ni "Are you married?", maana hapo unauliza hali. Halafu "Umefika lini?", ambalo tunaliuliza kila siku, ni "When did you arrive?" Ukisema "When have you arrived?" umekosea, kwa sababu "when" inadai siku au saa iliyopita, na "have" haikubali kutajiwa siku wala saa hiyo.

Zoezi: andika maswali kumi ya Kiswahili unayouliza kweli kazini kwako. Zungushia duara "-li-", "-na-" au "-me-" katika kila moja. Pembeni andika kisaidizi kinachobeba wakati huo, ndipo ujenge swali zima. Ukikwama, tatizo liko kwenye duara, si kwenye msamiati.

Na ukishauliza, angalia jibu. "Huna chenji?" kwetu anayejibu "Ndiyo" amekubali kwamba hana. Mgeni akikuuliza "Don't you have change?" nawe ukamjibu "Yes", amesikia kwamba unayo. Atasimama pale mezani kwako mkono wazi, akisubiri. Sema "No, I don't", hata kama ulimi unakataa.